Rais, mwenyekiti wa viwango na bahasha: kisa cha IBF kikisomwa kutoka Unguja

Novemba 1999, waendesha mashitaka wa serikali kuu ya Marekani walimfungulia kesi Robert W. Lee, mwanzilishi na rais wa Shirikisho la Kimataifa la Ngumi, IBF. Hati ya mashitaka ilidai kwamba kwa muda wa miaka 13 yeye na wenzake walipokea dola 338,000 kutoka kwa mapromota na mameneja. Mabondia 23 walihusishwa. Fedha hizo hazikutolewa ili mtu aanguke raundi ya tatu, wala ili jaji aandike alama za uongo. Zilitolewa mapema zaidi, pale inapoamuliwa nani yuko namba ngapi na nani apigane na nani. Pambano lenyewe likifika, bondia anapigana kweli na damu inatoka kweli. Uongo umeshamalizika kwenye karatasi miezi kadhaa nyuma.

Kisa hiki ni cha zamani na ni cha watu wa mbali, lakini kwa Zanzibar ya leo kina kazi. Ngumi zilipigwa marufuku hapa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, na marufuku hiyo ikadumu hadi Rais Hussein Mwinyi aliporuhusu mchezo urudi. Agosti 2023 watu walijaa uwanja wa Mao Zedong kumuona Karim Mandonga, yule "Mtu Kazi" ambaye maneno yake huwa mengi kuliko ngumi zake. Januari 2024 Hassan Mwakinyo akapigana Unguja na Mghana Elvis Ahorgah, akiwania mkanda wa WBO Afrika. Yaani kutoka usiku ule wa Mandonga hadi kupokea mkanda wa shirikisho la kimataifa haikuchukua hata mwaka mmoja. Barazani mazungumzo yakawa ni ya mabondia. Mimi macho yangu yalikuwa kwa wale waliovaa suti wakaushika mkanda kabla ya kengele: wametoka wapi, nani kawachagua, na fedha ya nani imewaleta?

Tuanze na namna IBF yenyewe ilivyozaliwa, maana ubovu wake umo humo. Mwaka 1982 Lee, ambaye alikuwa amefanya kazi katika mamlaka ya ngumi ya jimbo la New Jersey, aligombea urais wa WBA, shirikisho jingine la ngumi lililokuwapo tayari, akashindwa na Gilberto Mendoza wa Venezuela. Mwaka uliofuata yeye na kundi lake wakaanzisha chombo chao. Hakuna serikali iliyowatuma, na wala hapakuwa na mkutano wa nchi za dunia kama ule wa FIFA. Chombo kilipata uzito pale bingwa mmoja alipokikubali: Larry Holmes aliuacha mkanda wa WBC mwezi Desemba 1983 akatambuliwa kuwa bingwa wa IBF wa uzito wa juu. Basi. Shirikisho likawa la dunia kwa sababu mtu mkubwa kalivaa kiunoni.

Hilo si la IBF peke yake kati ya mashirikisho manne makubwa, yaani WBA, WBC, IBF na WBO. WBO nayo ilizaliwa 1988 huko Puerto Rico kutokana na watu waliogombana na WBA. Ila ukielewa asili hii utaelewa uongozi wake. Rais wa chombo cha namna hii hawajibiki kwa mabondia, maana mabondia hawampigii kura. Hawajibiki kwa watazamaji pia. Anayemletea riziki ni promota. Kila pambano la ubingwa lina ada ya kibali, kwa kawaida asilimia 3 ya malipo ya bondia, na promota ndiye anayechagua aupeleke mpambano kwa nani. Akikosana na IBF, anahamia WBC. Rais anayetaka ofisi yake iendelee kulipa kodi ya jengo anaujua ukweli huu kila asubuhi.

Sasa viwango. Katika kila uzani shirikisho hupanga orodha ya mabondia, na orodha hiyo ndiyo mali yake halisi kuliko mkanda. Aliye namba moja ni mpinzani wa lazima, bingwa lazima apigane naye ndani ya muda uliowekwa au avuliwe. Aliye ndani ya orodha anaruhusiwa kuwania ubingwa kwa hiari ya bingwa. Aliye nje, hata awe na mkono wa chuma, ni mtu wa mtaani. Hatua moja tu kutoka nje ya orodha hadi ndani inaweza kugeuza malipo ya bondia kutoka fedha ya kula hadi fedha ya kujenga nyumba. Na hatua hiyo, tofauti na mbio za mita mia, haina saa wala futi. Inategemea maoni ya watu wachache waliokaa chumbani.

Mkulima wa karafuu wa Pemba halihitaji somo hili. Akifika kituoni na gunia lake, bei inategemea daraja, na daraja linatajwa na mtu anayezitazama karafuu kwa macho. Mtu huyo akiwa mwaminifu, mambo yamekwisha. Akiwa na ndugu yake kwenye foleni, au na tajiri aliyemtangulizia kitu jana usiku, gunia ni lilelile na bei ni nyingine. Tofauti ni kwamba mkulima anaweza kuuliza hapohapo, "Kwa nini la tatu?" Bondia wa IBF wa miaka ile alikuwa hana wa kumuuliza.

Mwenyekiti wa kamati ya viwango ya IBF aliitwa C. Douglas Beavers. Ndiye aliyekuja kuwa shahidi mkuu wa serikali. Alikubali kushirikiana na FBI, na picha za video zilirekodiwa katika chumba cha hoteli huko Portsmouth, Virginia, mwaka 1997, zikimwonesha Lee akipokea fedha kutoka kwa Beavers. Ukiwaza kidogo utaona kwamba mpango wenyewe hauhitaji akili nyingi. Kamati ina mwenyekiti, mwenyekiti ana rais, promota ana bahasha. Watu watatu wanatosha. Wajumbe wengine wa kamati wanaweza kuwa waaminifu kabisa na bado wakatia saini orodha iliyopikwa, kwa sababu nani ana muda wa kuhoji kwa nini bondia wa Kolombia katoka namba 12 hadi namba 9?

Lakini tukio linalonikaa kichwani kuliko yote ni la George Foreman, kwa sababu pale hakuna aliyejificha. Novemba 1994 Foreman, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer akatwaa mikanda ya WBA na IBF. Dunia nzima ilifurahi. Mzee yule alikuwa biashara, na biashara inataka mpinzani asiyeweza kuiharibu. WBA ilimtaka apigane na Tony Tucker, hakutaka, ikamvua mkanda. Akabaki na wa IBF. Mpinzani waliyemtaka watu wake alikuwa Axel Schulz, kijana wa Kijerumani ambaye hakuwa kwenye orodha ya IBF. Kwa mujibu wa kanuni, pambano hilo lisingeweza kuwa la ubingwa. Ila kanuni ilikuwa na kifungu cha msamaha: uongozi unaweza kuruhusu jambo maalumu ukiona inafaa.

Ukaona inafaa. Promota Bob Arum alikuja kutoa ushahidi mahakamani kwamba alilipa dola 100,000 ili kibali hicho kipatikane. Schulz akaingizwa kwenye viwango, na tarehe 22 Aprili 1995 wakapigana Las Vegas. Na hapa kisa kinachekesha kwa uchungu: yule kijana aliyedhaniwa laini alipigana vizuri mno. Majaji wawili walimpa Foreman ushindi, mmoja akaandika sare, na waliokuwa ukumbini wengi waliona Mjerumani kaibiwa. IBF ikaamuru warudiane. Foreman akakataa, akauachia mkanda. Schulz akapata nafasi ya pili Desemba mwaka huohuo dhidi ya Frans Botha wa Afrika Kusini, akashindwa kwa alama, kisha Botha akabainika kutumia dawa zilizokatazwa akavuliwa. Mwaka 1996 Schulz akapewa nafasi ya tatu, na Moorer, akashindwa tena. Mtu aliyenunuliwa mlango wa kuingilia alipigania ubingwa uleule wa dunia mara tatu bila kushinda hata mara moja, na katika muda wote huo kulikuwa na mabondia kwenye orodha ambao walikuwa wakisubiri zamu.

Nimekaa sana hapa kwa sababu wengi wakisimulia kashfa ya IBF husema, "Viongozi walikuwa wala rushwa," kana kwamba hapo ndipo mwisho wa habari. Mimi naona rushwa ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni kifungu cha msamaha kisicho na masharti: hakisemi msamaha utolewe kwa sababu zipi, nani aandike sababu hizo, zitangazwe wapi, na aliyedhulumiwa akate rufaa kwa nani. Mpe malaika kifungu hicho, mwaka wa kwanza atakitumia kwa haki. Mwaka wa kumi promota atakuwa ameshajua saa yake ya kunywa chai.

Kesi ilisikilizwa Newark, New Jersey, na hukumu yake inafaa kusomwa kwa utulivu. Agosti 2000 baraza la wazee wa mahakama lilimtia Lee hatiani kwa utakatishaji wa fedha, kusafiri baina ya majimbo kwa ajili ya uhalifu, na kukwepa kodi. Yale mashitaka mazito zaidi, ya kuendesha IBF kama genge la wahalifu, aliachiwa. Mwanawe, Robert Lee Mdogo, aliyeshitakiwa pamoja naye, aliachiwa kwa kila shitaka. Februari 2001 baba akahukumiwa kifungo cha miezi 22. Mtu anaweza kusema ni adhabu ndogo kwa miaka 13 ya madai. Nami naongeza: angalia nani hakuwa kizimbani. Mapromota waliokiri kutoa walisimama upande wa mashahidi, na maelezo yao yalikuwa kwamba walikamuliwa. Arum alitozwa faini ya dola 125,000 na kamisheni ya ngumi ya Nevada, akaendelea na kazi. Mabondia ambao majina yao yalikaa mahali pasipo pao, au yaliyoondolewa mahali pao, hakuna aliyewarudishia kitu.

Viongozi wa mashirikisho mengine nao hawakuwa watakatifu, ila makosa yao yalikuwa ya sura nyingine. WBO iliwahi kumpandisha kiwango Darrin Morris mwanzoni mwa 2001 ilhali alikuwa ameshafariki tangu Oktoba 2000. Marehemu akasogea kutoka namba 7 hadi namba 5. WBC nayo ilimpa Graciano Rocchigiani ubingwa mwaka 1998 baada ya kumshinda Michael Nunn, kisha ikasema jina lake liliandikwa bingwa kwa makosa ya uchapaji na kwamba bingwa bado ni Roy Jones. Rocchigiani akaenda mahakamani New York, 2002 akashinda zaidi ya dola milioni 30, na WBC nusura ifunge milango hadi yalipopatikana mapatano. Kuhusu urais wenyewe, José Sulaimán aliongoza WBC kuanzia 1975 hadi kifo chake Januari 2014 na mwezi uliofuata akachaguliwa mwanawe Mauricio. Huko WBA, Mendoza aliyemshinda Lee mwaka 1982 alikaa hadi miaka ya 2010, na kiti akakirithi mwanawe mwenye jina kama lake. Sisi watu wa visiwa tunaozoea kuzungumzia usultani kana kwamba ni habari ya kale, hapo tutulie kidogo.

Nini kilifuata IBF? Mahakama iliiweka chini ya msimamizi kwa muda. Hiawatha Knight kutoka Michigan akashika uongozi, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho katika shirikisho kubwa la ngumi, kisha Marian Muhammad kuanzia 2001, na Daryl Peoples kuanzia 2010. Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyopewa jina la Muhammad Ali, ikatiwa saini Mei 2000. Inayataka mashirikisho yaeleze kwa maandishi vigezo vya viwango, yatoe sababu bondia anapobadilishwa nafasi, na yatangaze ada yanazopokea. Inazuia pia mtu mmoja kuwa promota na wakati huohuo kuwa na maslahi kwa meneja wa bondia. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, lakini sheria ipo na imetaja ugonjwa kwa jina lake.

Turudi nyumbani. Michezo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Bara wana Baraza la Michezo la Taifa, sisi tuna Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar. Ngumi za kulipwa Bara zina kamisheni yake, TPBRC, iliyokuja baada ya miaka mingi ambayo vyombo vitatu, TPBC, TPBO na PST, vilikuwa vikigombania mabondia haohao, na bondia aliyekataliwa mlango huu akibisha ule. Upande wetu tunapanga nyumba yetu wenyewe. Kuna wanaoona dawa ni kujitanua haraka: tuwe na uanachama wetu wa kimataifa, mkanda wetu, na nembo yetu. Hamu hiyo naielewa. Mwaka 2017 CAF ilitupokea mwezi Machi na kutufuta mwezi Julai, na jeraha lile halijapona kwa mtu yeyote aliyekuwa ameshaanza kuhesabu mechi. Lakini ngumi si mpira. Katika mpira mlango ni mmoja na umefungwa. Katika ngumi milango ni minne mikubwa na mingine midogo isiyohesabika, yote iko wazi kwa mwenye ada. Kupata mkanda ni rahisi. Tatizo ni nani aketi kwenye meza siku mkanda unapofika.

Na meza yetu ina hatari ambayo New Jersey hawakuwa nayo: muhali. Katika mji ambao mwenyekiti, promota na mwalimu wa ngumi wamesoma skuli moja, wanaswali msikiti mmoja na wameoleana, bahasha haihitajiki. Atakuja mtu mzima na salamu ndefu. "Sheikh, huyu kijana ni wetu, mwenyewe unamjua babaake." Nani atamwambia hapana? Msamaha ambao Arum alisema aliulipia dola 100,000, huku utapatikana kwa kikombe cha kahawa, na aliyeutoa atalala usingizi mzuri akiamini kafanya wema. Bondia aliyerukwa atakuwa amedhulumiwa vilevile.

Lipo na suala la nauli. Katika ngumi za kulipwa ni kawaida duniani kote kwamba gharama za refa, majaji na msimamizi wa pambano zinatoka kwa promota: usafiri, hoteli, chakula, malipo. Fikiria jaji anayevuka kutoka Dar kwa boti kwa tiketi ya promota, analala hoteli ya promota, kisha usiku anaandika alama za bondia wa promota huyohuyo. Anaweza kuwa mwadilifu. Asiyeweza kuwa na uhakika ni yule kijana wa kona nyingine, ambaye kaja na mwalimu wake na taulo moja. Kinga yake haina gharama kubwa: promota aweke fedha zote kamisheni kabla ya siku ya kupima uzito, kamisheni iteue maofisa na iwalipe yenyewe, na promota asijue majina hadi muda umebaki mdogo. Kiongozi anayesema hilo ni gumu aulizwe ni gumu kwa nani.

Wanaotunga kanuni zetu ningewaomba mambo mawili ambayo kesi ya Newark imeyaweka wazi. Mwenyekiti wa viwango asiteuliwe wala kuondolewa na rais peke yake, maana Beavers alikuwa chini ya Lee na wote wawili walilijua hilo. Na kila badiliko la nafasi liandikwe sababu ya mstari mmoja, lisainiwe kwa jina, lipelekwe kwa bondia mwenyewe kabla ya kutangazwa. Mstari mmoja tu. "Amemshinda fulani, tarehe fulani." Mtu wa muhali hujikwaa vibaya sana akiambiwa aandike sababu.

Jengine ni la kuiga kwa IBF yenyewe, hii ya baada ya Lee. Ukifungua orodha zake utakuta mara nyingi nafasi ya kwanza, pengine na ya pili, haina jina. Imeandikwa kwamba hajawekwa mtu. Anayetaka kukaa pale hana budi kushinda pambano la mchujo, na kama mchujo haujafanyika, nafasi inabaki tupu. Ngumi za kulipwa zina uzani 17 au zaidi. Visiwa vilivyokaa karibu miaka 60 bila ulingo haviwezi kuwa na mabondia kumi wa kweli kwa kila uzani, iwe tunahesabu kutoka Nungwi hadi Makunduchi au tunavuka hadi Gombani. Kamisheni itakayotoa orodha ya watu watatu, au ya mtu mmoja, na kuuacha ukurasa uliobaki mweupe, nitaiamini kuliko ile itakayoniletea majina kumi yaliyopangwa vizuri.